Mbili na Kimya

Salehe alizikwa mimi sipo. Habari ililetwa kwetu Kibiti na mchukuzi mmoja wa pamba ambaye hakujua amebeba nini. Alisema tu, "Yule mzee mpiga ngoma wa Mkongo amefariki," kisha akaomba maji. Nikampa maji, nikampa na kipande cha muhogo wa jana, nikamsikiliza akilalamikia miguu yake mpaka akamaliza, nikamwambia pole. Alipoondoka niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda na makubadhi miguuni, jambo ambalo namkataza kila mtu nyumbani kwangu. Kesho yake nikapata lori la mnunuzi wa pamba, nikaenda nalo mpaka lilipokwama, na kutoka hapo nikatembea. Goti langu la kushoto ni bovu na mimi si mtu wa subira. Nililitukana goti njia nzima, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumtukana.

Nilifika siku ya kuanua matanga. Wafiwa walikuwa na jamvi lao na wageni jamvi lao, nami nikaoneshwa jamvi la wageni, pale mwisho karibu na mlango wa uani, wanapokaa watu ambao marehemu alikuwa akiwafahamu kidogo kidogo. Nikakaa. Mwanawe mkubwa alikuja kunipa mkono. Jina lake Athumani, na jina hilo hakupewa bure, nitalieleza. "Shikamoo, babu," akasema. "Ahsante kwa kusumbuka. Mzee alikuwa akikutaja." Nikamuuliza alikuwa akinitajaje. Akafikiri kidogo, mtoto wa watu, asijue ameulizwa nini. "Alikuwa akisema wewe ndiwe uliyekuwa ukipiga zumari." Nikamjibu kuwa ni kweli, nilikuwa nikipiga zumari. Basi ndiyo hayo yaliyobaki ya mambo yetu, mtu mmoja alipiga ngoma, mwingine akapiga zumari, na wali wa hitima ukaletwa, nikala.

Wali ulikuwa haujaisha siniani alipokuja kigori akainama sikioni pangu. "Bibi Mwanahawa anasema usiondoke kabla hujaonana naye." Nikalirudisha tonge siniani. Mwanahawa huyo nilikuwa nimemkwepa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa mke wa mwenzetu aliyeuawa katika vita vya Maji Maji, na baada ya njaa akaolewa tena huko huko Mkongo, na Salehe akaenda kuishi kijiji kimoja naye kwa makusudi, akimpelekea samaki kila Ijumaa. Mimi sikuweza. Kila nilipoalikwa upande ule niliugua. Nikamwambia kigori, "Mwambie nitakuja baada ya alasiri," na katika zile saa mbili nilizongoja, nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba ya Salehe, mwaka ule ulirudi wote.

Naandika haya kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni, katika daftari, na nikishakufa atakayeweza kusoma na asome. Baba yangu alikuwa nani na mama alitoka wapi sitaandika, maana hawakuhusika na walikuwa watu wema. Naanzia kwa Fundi Bakari. Huyu alikuwa na kundi la ngoma, na kutoka Kibiti mpaka Nyamisati hapakuwa na arusi yenye heshima iliyochezwa bila yeye. Tulikuwa wanne tuliohesabika. Fundi mwenyewe alikuwa akiimba, Salehe akipiga msondo, ile ngoma ndefu inayosimamishwa, Athumani akipiga chapuo, ngoma ndogo ya mkononi, na mimi nilikuwa na zumari. Sasa msomaji lazima aelewe jambo moja la kazi yetu, bila hilo hataelewa kitu. Mpiga zumari hapumziki. Anavuta pumzi kwa pua huku anapuliza kwa mashavu, masikio yanamvuma, hamsikii mwimbaji. Kwa hiyo anayemwongoza ni chapuo. Chapuo likipigwa tatu za haraka maana yake zumari ingia. Likipigwa mbili, kisha kiganja kikalazwa juu ya ngozi, maana yake zumari nyamaza, mwimbaji ana neno. Nilipiga na Athumani misimu mitatu na hakuna siku niliyokosea ile mbili. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye vidole vya kike, na alipooa Mwanahawa tulimchezea arusi bure, tukamtania mpaka akajificha jikoni kwa wanawake.

Na kuna jambo la pili la kazi yetu. Ngoma hailali peke yake. Ukiiacha peke yake, kundi la washindani litakuja kuitoboa ngozi, au kuichomekea dawa ya kuizima sauti, kesho uaibike mbele ya watu. Kwa hiyo kila tulipoalikwa mwenye arusi alitupa chumba cha ngoma, mara nyingi ghala ya mpunga, na watu wawili walilala humo na ngoma. Wengine walikuwa wakiichukia kazi hiyo kwa sababu ya panya na vumbi la makapi. Salehe alisema yeye atalala na ngoma. Nami nikasema nitalala na Salehe, nikaona maneno yametoka vibaya, nikasema nitalala na ngoma. Fundi Bakari akatutazama wote wawili, akaendelea kutafuna tambuu. Hivyo ndivyo tulivyopata chumba. Mpaka leo nikinusa makapi ya mpunga na ngozi ya mbuzi iliyopata moto, mwili wangu unajua mahali ulipo kabla ya akili. Neno watu wanaloliita jambo hili lipo, nalijua, na sitaliandika, maana sijalisikia likitamkwa bila mate. Sisi hatukuliita kitu. Nilimpenda Salehe, naye alinipenda, na asubuhi tulitoka tukiwa na makapi nywelini kama walinzi wengine wowote.

Watu walijua? Sijui niseme nini. Katika kazi ya kuwachezesha watu kulikuwa na mengi yaliyoonwa na hayakutazamwa. Nyamisati alikuwako mwimbaji mmoja mwenye sauti nyororo kama ya bibi arusi. Matajiri wa boriti waligombania kumwalika, na hakuna hata mmoja aliyemruhusu mwanawe kukaa naye jamvi moja. Nilimwona akila peke yake nyuma ya nyumba, ameletewa sahani nzuri kuliko sisi sote. Siku moja, tumepewa ubwabwa na kambale wa kupaka huko njia ya Chumbi, niliwasikia wanawake nyuma ya kiambaza cha makuti. Mmoja akasema, "Huyu wa zumari na yule mrefu, mbona hawaoi?" Mwingine akamjibu, "Waoe wapi, hawakai nyumbani. Ngoma ndiyo mke wao." Wakacheka, wakaendelea kukuna nazi. Salehe aliyasikia pia. Aliunyofoa utosi wa samaki, mahali ninapopenda mimi, akausogeza upande wangu wa sinia bila kunitazama. Fundi naye alinena mara moja tu, njiani, hatujamuuliza. "Wanangu," akasema, "ngoma ina mbao na ina ngozi. Ya ndani yakae chini ya ngozi." Baada ya hapo akauliza nani amebeba kamba.

Basi mwaka ule pamba ya serikali ilikuwa imetuchosha watu. Kila kijiji kililima shamba la akida, na asiyekwenda alichapwa kiboko hadharani, wazee kwa vijana. Arusi zikapungua, maana nani ataoza binti na mgongo unatoka damu? Ndipo likaja neno kutoka upande wa Ngarambe kwamba kuna dawa ya maji, ukinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi itakuwa maji mwilini mwako. Watu walikwenda makundi kwa makundi. Kwetu alikuja mjumbe wa maji, mtu mkavu, mwenye usinga mkononi na macho yasiyopepesa. Alitaka watu wafundishwe kwenda pamoja na kusimama pamoja, na hilo haliwezekani bila ngoma. Akamchukua Fundi Bakari na kundi lake zima. Tukavuka mto kwa mitumbwi, ngoma zimefungwa mikeka, mpaka nyanda za Chumbi ambako mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Yakabaki mabua, na yale madungu yetu, vibanda vya juu ya miti mirefu ambamo watu hukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Tukavikwa suke la mtama kichwani. Tukanywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa na ladha ya mahindi. Mjumbe akatusomea miiko: "Msilale na mwanamke mpaka vita viishe. Msichukue mali ya mtu. Msile mlenda, kwa kuwa mlenda unateleza, na dawa itateleza itoke mwilini. Mmoja akivunja, risasi itakuwa risasi kwa wote."

Niliamini. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu vijana wa leo huniuliza kwa kicheko, babu, mliamini kweli? Niliamini kwa mwili mzima. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mara ya kwanza katika maisha yangu wanaume waliopita mbele ya akida wameinama walikuwa wakitembea wima, na walitembea kwa zumari yangu.

Siku moja kabla ya kwenda vitani, mchana, jua kali, watu wamelala vivulini, Salehe alipanda dungu moja la mbali nami nikamfuata. Tukavuta ngazi juu. Mle ndani palikuwa na jamvi bovu, kibuyu kilichopasuka, na kombeo la kutupia ndege ambalo mwenyewe alilisahau. Mwanga ulipita kwenye fito, mgongo wa Salehe ukawa na mistari. Nikamwambia, "Na mwiko?" Akasema, "Alisemaje?" Nikasema, "Alisema tusilale na mwanamke." Salehe akainuka akatazama chini ya jamvi, akatazama ndani ya kibuyu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Mwanamke simwoni." Tukacheka mpaka dungu likayumba. Ee Mola, tulivyocheka. Baadaye kidogo tukasikia mtu amegonga nguzo kule chini, tatu za haraka, ile ya ingia. Tukashusha ngazi, tukashuka tukiwa tumejipangusa nyuso. Athumani alikuwa ameshatupa kisogo, anakwenda zake, akasema bila kugeuka, "Fundi anawaita mkajaribu ngoma." Makubadhi yetu, jozi mbili, yalikuwa pale pale chini ya dungu kama tulivyoyavua.

Jioni ya siku hiyo hiyo Mwanahawa alikuja na kikapu cha chakula. Alikuwa ametembea toka alfajiri na kuvushwa mto. Wakakaa yeye na mumewe ng'ambo ya matete, Athumani akala, na watu wakaona kwamba wamekaa peke yao. Mwanamke akapewa nafasi ya kulala kwa wazee wa kijiji.

Asubuhi tukaliendea boma la Wadachi, njia ya vilimani. Sitasimulia vita, wapo wanaovisimulia vizuri kwa kuwa hawakuwapo. Nitasema tu kwamba nilikuwa mbele napuliza, na kwamba bombomu, ule mzinga wao wa kumimina risasi, haiko kama bunduki, haingoji. Watu walipiga kelele ya "Maji! Maji!" na walioanguka walianguka na neno hilo mdomoni. Mmoja aliangukia miguu yangu akiwa ameshangaa tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Tulirudi mchana, waliobaki, tukiwa hatutazamani.

Mjumbe alitukalisha chini ya dungu. Lilikuwa dungu lile lile, maana ndilo lililokuwa na kivuli kikubwa. Akasema, "Mwiko umevunjwa. Nani amelala na mwanamke?" Macho ya watu yakaanza kwenda kwa Athumani, moja baada ya jingine. Athumani akasema, "Mke wangu aliniletea chakula. Nikala." Mjumbe akamuuliza, "Ulilala naye?" Akajibu, "Sikulala naye." Mtu akasema kwa nyuma, "Walikuwa matetini peke yao." Mjumbe akauliza mara ya pili, akajibiwa vile vile. Mara ya tatu hakumuuliza Athumani, alitugeukia sisi. "Kama si huyu, kuna mtu hapa anajua jambo? Na aseme. Asiposema, huyu ndiye." Salehe alikuwa begani pangu. Nilisikia mkono wake umeshika ncha ya shuka langu. Hapo Athumani akaniangalia. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Nakumbuka kwamba nilifungua kinywa. Na nakumbuka vidole vyake vya kulia vikagonga goti mara mbili, kisha kiganja kikalala juu ya goti, kikatulia. Mimi nikafunga kinywa.

Mjumbe akasema mkosaji hutangulia. Kesho yake Athumani aliwekwa mbele ya watu wote, amefutwa dawa, hana suke kichwani, ana chapuo lake tu. Nilikuwa hatua chache nyuma yake. Alipiga vizuri, hakukosa pigo moja, na alianguka wa kwanza. Baada yake wakaanguka wenye dawa zao na masuke yao, akiwemo Fundi Bakari, Mungu awarehemu wote. Mimi na Salehe tulikimbia kupitia matete mpaka midomo ikatoka damu.

Mwaka huo ulimalizika kwa njaa. Askari walichoma maghala yote, na ile harufu niliyokwambia, ya makapi ya mpunga, ikawa harufu ya moto. Tulijificha kibandani karibu na Kibiti, mimi na Salehe, tukichimba ming'oko porini na kuichemsha. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na chumba kisicho na ngoma wala mwenye arusi, na hatukugusana. Salehe alikaa ameelekea ukuta. Siku moja akasema, "Sisi ndio tuliomuua." Nikamwambia habari ya vidole. Nikamwambia, Athumani mwenyewe alinipigia mbili, aliniambia ninyamaze, mimi nilikuwa nataka kusema. Akageuka. Sijapata kuangaliwa vile na mtu ninayempenda. "Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka," akasema. "Mtu anayeogopa kufa hutetemeka. Na wewe hukufungua kinywa. Nilikuwa nimekushika, ningejua." Nikamwambia, "Ulinishika ili nisiseme." Akasema, "Ndiyo. Mimi nakubali langu. Wewe unajitungia." Asubuhi akachukua msondo akaenda Mkongo. Huko akaoa, akazaa, na mtoto wa kwanza wa kiume akamwita Athumani.

Tulionana mara chache, kwenye arusi za watu. Mara moja ilitokea tukala sinia moja. Hakusema neno zaidi ya salamu, ila utosi wa samaki ulisogea mpaka upande wangu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya miaka kumi. Nami nilirudi Kibiti kila mara nikijiuliza lile lile. Vidole viligonga, au vilitetemeka? Ukikumbuka jambo mara elfu unalichakaza, hujui tena lipi uliliona na lipi umeliweka. Nilipokuwa kijana nilikuwa na hakika. Nilipofika miaka hamsini nilianza kuona kwamba Salehe alisema kweli, mwoga alijitungia ishara ili apate kulala usingizi, na usingizi wenyewe hakuupata. Zumari niliiacha siku meno ya mbele yalipotoka, na sikusikitika, nilishukuru.

Basi alasiri ikasaliwa, nikaenda. Mwanahawa alikuwa kibarazani anachambua mchele. Amekuwa mdogo, mweupe wa nywele, ila sauti ni ile ile. "Karibu, shemeji," akasema. "Umezeeka vibaya." Nikasema, "Nawe shemeji hujaachwa nyuma." Akanipa kahawa. Akaendelea kuchambua, mimi nikitafuta mahali pa kuweka goti. Halafu akaanza yeye, na nilichokitarajia sicho alichosema.

"Nimekuita unisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyewaua watu wa kundi lenu. Siku ile niliyokuja na kikapu, sikuwa na mboga nyingine, nilimpikia mlenda. Athumani alikuwa akiupenda. Alijua ni mwiko. Nikamwambia, mume wangu, kula kwa chumvi tu. Akasema, mwiko una macho ya kuona chunguni? Akala, akakomba na chungu. Kesho yake watu wakafa. Tangu hapo sijaupika mlenda, watoto wangu wa hapa hawajui mama yao kwa nini. Salehe nilitaka kumwambia, lakini ukimtajia Athumani alisimama pale pale, akasema ameacha nyavu majini. Na wewe ukawa mgonjwa kila arusi."

Nilimtazama mwanamke huyu, mikono yake ndani ya ungo. Salehe alikuwa kaburini siku ya nne, mtoto wake akipokea mikono ya watu kule uani, jina la baba yake safi. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua, isipokuwa kwamba mama mtu mzima angekufa akidhani ameua watu kwa mboga. Mara ya kwanza nilipoulizwa nilikuwa na sababu, ya kweli au ya kujitungia. Mara hii sikuwa nayo. Nikasema, "Shemeji, si mlenda." Nikamwambia yote: ghala, dungu, ngazi, kicheko. Sauti yangu ilikuwa ikitoka kama zumari yenye ufa. Nilipomaliza hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Athumani aliniambia jioni ile ile. Aliona makubadhi yenu chini na ngazi iko juu. Akasema, wale wana mambo yao, waache, ni watu wazuri."

Nikamuuliza kama alijua, mbona miaka yote alidhani ni mlenda. Akanishangaa kweli kweli. "Mjumbe alisema mwanamke," akasema. "Nyinyi kule juu mlikuwa na mwanamke gani?"

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilitoka chenyewe, na kikageuka kilio, nikalia mbele ya mwanamke wa watu na kahawa imenimwagikia kanzu. Nilipomaliza akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

"Haya, nami nina langu la kukuuliza," akasema. "Siku walipomhukumu, waliniacha nimpelekee maji kabla jua halijatua. Nilimwambia, mbona hukuwataja wale? Akasema, 'Macho yao yalikuwa yameshanihukumu, niwataje ili tufe watatu? Zumari alitaka kusema, nimemwona amefungua kinywa. Nimempigia mbili, amenisikia.' Nikamuuliza, mbili ndiyo nini? Akasema, 'Yeye anajua.' Miaka yote hii sikupata wa kumuuliza. Mbili ndiyo nini, shemeji?"

Nikachukua ungo mwingine uliokuwa mtupu kando yake, nikaugeuza, nikaugonga mara mbili, nikalaza kiganja. Mwanahawa aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akaweka wake juu ya goti lake, akajaribu, mbili, akatulia. "Ni hivyo hivyo alivyofanya," akasema, "aliponieleza."

Niliomba nipelekwe kaburini. Mtoto wa Salehe, Athumani, alinisindikiza, akasimama mbali kwa adabu, maana aliona mzee hana hali nzuri. Udongo ulikuwa bado haujashika, na mtu ameweka kibuyu cha maji kichwani pa kaburi. Nikapiga magoti, lile bovu na lile zima. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nilifungua kinywa, kwamba amekaa miaka arobaini akinihesabu mwongo, kwamba angeacha nyavu zake siku moja tu akamsikiliza yule mwanamke, tungezeeka pamoja tukiwa tumesamehewa. Nilikuwa na hasira naye, na mapenzi, sikuweza kuvitenganisha. Mwisho nikagonga udongo mara mbili, nikalaza kiganja juu yake, nikakiacha hapo mpaka Athumani aliponiita nikale.